Kiini Kilichotengwa na Swali la Haki

Kerneli, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ambayo husimamia maunzi ya kompyuta na kuamua ni programu ipi itumie prosesa na kwa muda gani, hukabiliwa kila sehemu ndogo ya sekunde na swali ambalo wanafalsafa wamelijadili tangu kale: kitu kichache kigawanywe vipi kwa wengi wanaokihitaji? Mwaka 2007 Linux ilipokea mfumo wa kupanga zamu ulioandikwa na Ingo Molnár, ambao jina lake lilidai uadilifu kamili, na ambao uliipa nafasi ya mbele kazi iliyokuwa imepata muda mdogo kuliko stahili yake. Mfumo huo ulirithiwa mwaka 2023 na mwingine unaozingatia pia ukomo wa muda wa kila kazi, lakini msingi wa mgawo wa haki haukuachwa.

Hata hivyo, kerneli hiyohiyo inamruhusu msimamizi kuondoa baadhi ya viini vya prosesa katika mgawo huo. Kiini ni kitengo kimoja kinachoweza kutekeleza maagizo peke yake, na prosesa za leo huwa navyo kadhaa. Kwa kigezo kiitwacho isolcpus, kinachoandikwa kabla mfumo haujawashwa, viini vilivyotajwa havipokei tena kazi kwa njia ya kusawazisha mzigo, bali huingiwa tu na kazi iliyoelekezwa huko kwa makusudi. Kigezo kingine, nohz_full, kilichoingia mwaka 2013, hunyamazisha mapigo ya saa ya ndani, ambayo kwa kawaida hukikatiza kiini mara 100, 250 au 1000 kwa sekunde ili kerneli ikague kama zamu imekwisha. Nayo mapigo hayo hunyamaza pale tu kiini kinapokuwa na kazi moja tayari kutekelezwa, kwani ikija ya pili saa hurudi, kwa kuwa palipo na wawili ugawaji hauepukiki.

Je, kutenga huku ni dhuluma kwa kazi zinazobaki zikisongamana katika viini vichache? Aristotle, katika kitabu cha tano cha maadili yake kwa Nikomako, aliona kwamba ugomvi huzuka si tu pale walio sawa wanapopewa mafungu yasiyo sawa, bali pia pale wasio sawa wanapopewa mafungu yaliyo sawa. Fundisho hilo linafaa hapa, ila kwa sharti kwamba itafutwe tofauti iliyo ya kweli. Kukusanya faili za programu kubwa kunaweza kusimamishwa kidogo kisha kuendelezwa bila hasara yoyote isipokuwa kuchelewa, lakini amri inayouongoza mkono wa roboti, au pakiti ya mtandao wa simu inayopaswa kushughulikiwa ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, ina wakati wake, na ukishapita, muda wowote utakaoongezwa baadaye hauwezi kuurudisha. Mgawo wa usawa hudhani kwamba dakika moja ni mbadala wa nyingine, na dhana hiyo ni sahihi kwa kazi nyingi, lakini si kwa zote.

Pingamizi zito zaidi ni la israfu, ambayo Kurani inaikemea waziwazi. Kiini kilichotengwa mara nyingi hakifanyi lolote linaloonekana: programu za kupokea pakiti hukizungusha bila kukoma zikiuliza kama kuna kilichofika, hivyo kipimo cha matumizi huonyesha asilimia 100 hata pale ambapo hakuna pakiti hata moja. Umeme huliwa, joto huongezeka, na jirani anangoja zamu. Lakini kukesha nako ni kazi, kwa sababu kinachonunuliwa hapo si wingi wa mahesabu bali uhakika kwamba kitakapofika cha kushughulikiwa, hakitamkuta mhudumu mahali pengine.

Sheria ya Kiislamu ina taasisi inayolikaribia jambo hili, nayo ni wakfu: mali inayozuiliwa isiuzwe, isitolewe zawadi wala kurithiwa, ili manufaa yake yaelekezwe kwenye lengo lililotajwa. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, huutaka wakfu uwe wa kudumu, ilhali Wamaliki huruhusu ule wa muda maalumu. Kerneli nayo ina njia zote mbili, kwa maana utengaji wa isolcpus haugeuki mpaka mashine iwashwe upya, na ule wa makundi ya viini yaitwayo cpuset hubadilishwa mfumo ukiendelea. Na nyaraka za Linux zenyewe zinapendekeza huo wa pili. Katika jambo hili la mashine, rai ya Wamaliki ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa haja za kazi hubadilika.

Lililo muhimu kuliko yote ni kwamba kilichotengwa hakijitoshelezi. Lazima kibaki angalau kiini kimoja cha huduma, kinachobeba shughuli za usafi wa kerneli na makatizo ya vifaa yaliyohamishwa kutoka kwa vile vilivyotulizwa, na hata baada ya hayo yote viini huendelea kushirikiana njia za kumbukumbu, huku programu za ubao mama zikiweza kukikatiza kiini chochote bila mfumo endeshi kujua. Utulivu wa mmoja hulipiwa na wengine, na kwa hiyo mwenye kuutoa anadaiwa sababu. Kerneli haiwezi kuidai sababu hiyo, kwa kuwa hukitii kigezo kwa namna ileile, kiwe kimeandikwa kwa ajili ya mashine ya upasuaji au kwa kampuni inayotaka kuwatangulia wengine katika soko la hisa. Hukumu ya kwamba kazi fulani ina wakati usiorudi, au kwamba mwenye kazi hiyo ana uwezo tu wa kuamuru, imebaki kwa binadamu anayeandika mstari huo wa usanidi.