Mshipa wa Kupandikizwa na Suala la Tawakuli

Upasuaji wa kubadilisha kipande cha mshipa mkuu wa damu kwa mrija wa kitambaa cha poliesta, ambao daktari Mmarekani Michael DeBakey aliueneza tangu miaka ya 1950, huibua suala la kidini lisilokwisha siku jeraha linapofunga. Mrija huo, unaoitwa kipandikizi, hauna uhai wa kujitengeneza wala kupambana na vijidudu, na hata baada ya miaka kumi huweza kuziba kwa damu iliyoganda, kuingiwa na maambukizi, au kufanya uvimbe unaodunda pale mrija ulipoungwa na mshipa wa asili.

Muumini wa Mbweni, kusini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, aliyevuka bahari kwenda kutibiwa Dar es Salaam, huenda akadhani kwamba akishapona, yaliyobaki ni kadari, yaani makadirio ya Mungu. Dhana hiyo ina upungufu. Tawakuli, ambayo ni kumtegemea Mungu baada ya kutimiza wajibu, haifuti sababu, yaani njia za kujitibu, bali huzitanguliza, na mwili, kwa mafunzo ya Uislamu, ni amana ambayo mja ataulizwa. Kwa hiyo matatizo ya baadaye si adhabu wala dalili ya imani haba, bali ni hali ya kila kilichotengenezwa na binadamu. Kuacha sigara, kumeza dawa na kuhudhuria kliniki ni wajibu. Na homa isiyoeleweka, mguu unaokuwa wa baridi ghafla au kutapika damu humlazimu mtu aende hospitali siku hiyo hiyo.