Panya Hakuchukua Kitu

Mwanangu wa kwanza alipofikisha miaka miwili na nusu nilimwambia kwamba panya ameiba chuchu yake ya mpira. Panya hakuhusika. Niliitupa mimi mwenyewe kwenye pipa la taka saa nne usiku, nikaifunika kwa maganda ya ndizi asije akaiona. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akanyamaza, nami nikawasimulia wenzangu ofisini kama mtu aliyeshinda vita bila kumwaga damu.

Kilichonisumbua ni wiki zilizofuata. Kila jioni alikuwa anainama, anachungulia chini ya kitanda na kuita, "Panya, leta." Hakuwa na hasira. Alikuwa anangoja.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kama kuna kauli inayonichosha ni ile ya wakubwa wetu: "Imeonekana ni vyema." Imeonekana na nani? Mabanda yamebomolewa, nani kayabomoa? Kazi yangu nusu yake ni kuuliza jina la mtendaji. Kumbe nyumbani kwangu nami nilikuwa na msemaji wangu, tena ana mkia.

Nieleze kwanza chuchu ilivyoingia nyumbani. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa mama siku 84 za likizo ya uzazi, kisha hadi saa mbili kwa siku za kwenda kumnyonyesha mtoto. Kwa anayejua foleni za Dar es Salaam, saa mbili zinaweza kuishia barabarani. Mtoto alibaki na dada wa kazi na chuchu ya mpira, nami nikaenda kutafuta habari. Ilinisaidia, sitaikana. Lakini ikizidi muda husukuma meno, na mtoto aliyeizibia kinywa mchana kutwa anaongea kwa shida. Ilibidi iondoke. Swali ni namna gani.

Desemba iliyopita nilikwenda Tabora kwa mama, na watoto wote wawili. Wa pili, binti, alikuwa na miaka miwili na chuchu yake mdomoni. Nikamwambia mama kwamba nafikiria kumwita panya tena. Akacheka, kisha akaniuliza kama najua yeye alinilikiza vipi.

Nilijua. Kwa shubiri, kama watoto wengi wa rika langu. Nikamwambia basi hata yeye alinidanganya, alilifanya ziwa lionekane limeharibika.

"Sikukudanganya," akasema. "Jani nililikata unaniona. Nikajipaka unaniona. Nikakwambia, leo mama kaweka shubiri, ziwa limekwisha. Ukaonja. Kesho yake ukarudi kuhakikisha. Ukaninunia siku tatu."

"Na wewe ukakubali nikununie?"

"Sasa ungemnunia nani mwingine, mwanangu?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku ile. Nilikuwa najiambia kwamba nilimwongopea mwanangu kwa sababu hawezi kuelewa ukweli. Si kweli. Mtoto wa miaka miwili anaelewa "mama kachukua, hairudi". Haelewi sababu, meno na matamshi hayamhusu. Lakini anaelewa nani kafanya, na anajua pa kupeleka kilio chake. Hicho ndicho nilichomnyima. Panya hakumkinga mtoto na machungu, maana alilia vilevile. Panya alinikinga mimi na macho yake.

Mwana Kupona, alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, aliuweka ukweli miongoni mwa mambo ya mwanzo kabisa ya kumwusia. Kant, katika insha ya mwaka 1797, alikataa uongo hata kwa muuaji anayemsaka rafiki yako. Sifiki huko kwa Kant, ambaye isitoshe hakuwahi kulea mtoto. Mama mwenye mimba nyingine, anayeamka alfajiri kwenda sokoni, akisema mdudu kala ziwa, mimi si hakimu wake. Ukweli unadai muda wa kukaa na anayelia, na muda huo wengi hawana. Mimi nilikuwa nao. Ilikuwa Ijumaa.

Hata wataalamu wamesogea. Hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji, zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 1989, ziliagiza watoto wanaonyonya wasipewe chuchu za bandia. Ziliporekebishwa mwaka 2018, agizo likawa mama ashauriwe kuhusu matumizi na hatari zake. Mama sasa aambiwe, aamue. Nami nikawaza: na mtoto je, haambiwi hata nani kaamua?

Siku mbili baadaye tulikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Stanley alimwacha hapo Machi 1872 akaelekea pwani, akiahidi kumpelekea watu wa msafara. Livingstone alingoja hadi Agosti, na watu wakafika, kwa miguu, kutoka pwani. Namfafanulia mwanangu habari hizo, yeye sasa ana miaka sita, akaniuliza, "Alijua watakuja?" Nikasema aliahidiwa. Akakaa kimya, tukatoka nje.

Chini ya mwembe akasema, "Mama, mimi nilimngoja panya. Alikuwa wewe?"

Nilitamani kucheka, ipite. Nikasema, "Ndiyo. Ni mimi. Niliitupa kwenye taka."

Hakusema kitu. Aliuachia mkono wangu, akatembea mbele peke yake mpaka tulipoifikia bajaji. Miaka mitatu na nusu hasira ile ilikuwa haina anwani. Iliniuma, na nilijua kwamba ni yangu.

Kule Denmark, nimesoma, kuna miti katika bustani za mjini ambako watoto huenda kuzitundika chuchu zao wenyewe na kuziaga. Ni desturi nzuri. Sisi hatukutundika kitu. Usiku ule nilimwonyesha binti yangu chuchu yake, nikamwambia, "Hii mama anaichukua. Hairudi." Nikaitia mfukoni anaona. Akanipiga kifuani kwa viganja vyote viwili, akalia sana. Nilikaa naye.

Katikati ya kilio akaanza kuangaza chini ya kitanda. Kaka yake, niliyedhani amelala, akainua kichwa.

"Huko hakuna," akamwambia. "Anayo mama. Mdai yeye."