Nauli Nafuu na Mgongo wa Mzazi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Liko swali linaloulizwa sana majumbani mwetu siku hizi, kwani ni nyumba chache za pwani zisizokuwa na mtoto au ndugu ng'ambo. Nauli ya ndege haifanani kila kiwanja. Je, yafaa mtu amsafirishe mzazi wake kutoka kiwanja cha mbali, kwa sababu huko nauli ni nafuu? Wengi hulidhani hili ni jambo la mfuko tu. Mimi naona ni jambo la haki.

Tofauti yenyewe ina sababu zake. Nairobi ndege za ng'ambo ni nyingi na zinashindania abiria. Mombasa ni chache, na aendaye London hana budi kubadilisha ndege njiani. Kwa hiyo mara nyingi Nairobi huwa rahisi zaidi. Huko Uingereza nako, serikali humtoza abiria kodi anapoondoka, na safari ndefu hutozwa zaidi. Ireland iliifuta kodi yake ya namna hiyo mwaka 2014, na ndiyo maana wako wanaovuka kwenda Dublin ili waanzie safari huko.

Ama kutafuta nafuu si aibu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqaan, aya ya 67, amewasifu waja wake ambao wakitoa hawafanyi israfu wala ubakhili, bali hushika njia ya katikati. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuunga udugu ni sababu ya kukunjuliwa riziki na kurefushiwa umri. Basi ikiwa nauli nafuu itamwezesha mjukuu kumwona bibi yake kila baada ya miaka miwili badala ya mitano, kule kuitafuta nafuu ni ibada.

Lakini sikiliza kisa hiki. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, anayeishi Uingereza, alimkatia mamake tiketi ya kutokea Nairobi. Mama ametimiza miaka sabini na kitu, ana kisukari, na miguu yake huvimba akikaa kitako muda mrefu. Alipanda basi usiku, akaenda karibu kilomita 480, akashuka alfajiri, akashinda kwa jamaa akingoja ndege ya usiku. Mwana akawasimulia rafiki zake namna alivyookoa pesa. Mama alikwenda kukaa mwezi mmoja, na wiki mbili za mwezi huo hakuweza kuvaa viatu. Alipoulizwa habari za safari alijibu, "Alhamdulillahi, ilikuwa nyepesi."

Imepokewa na Imam Bukhari, katika kitabu chake Al-Adab al-Mufrad, kwamba Ibn Umar (R.A.) alimwona mtu wa Yemen akitufu Al-Kaaba huku amembeba mamake mgongoni. Yule mtu akamwuliza kama amekwisha kumlipa mamake. Akajibiwa kwamba hajalipa hata pumzi moja ya uchungu wa uzazi. Basi mwenzangu, zingatia. Yule alimbeba mama mgongoni na hakufikia malipo. Sisi tunampunguzia mfuko wetu uzito, kisha uzito ule ule tunamtwika mama miguuni!

Utasema, "Lakini nilimwuliza, akasema sawa." Ndugu yangu, wewe huwajui mama zetu? Mama hakatai. Ukimwambia atokee Nairobi atasema inshallah, na ukimwambia atokee mbali zaidi atasema inshallah. Radhi yake ni dalili ya mapenzi yake, si dalili kwamba anaweza. Usimwulize yeye peke yake. Mwulize anayemwosha miguu.

Basi kabla ya kukata tiketi, pima mambo matatu.

Kwanza, nani atakayebeba taabu? Ikiwa ni wewe mwenye nguvu, beba, na ujira wako uko kwa Mwenyezi Mungu. Ikiwa ni mzee au mgonjwa, nafuu hiyo si yako kuichukua.

Pili, hesabu iwe kamili. Tia nauli ya basi au treni, malazi, chakula na mtu wa kumsindikiza. Ukikata tiketi mbili mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kukungoja wala kukupa kiti kingine. Na huko Uingereza, kodi ya safari kama ya Kenya iliwekwa paundi 90 kwa kiti cha kawaida kuanzia Aprili 2025, lakini tangu mwaka 2016 mtoto aliye chini ya miaka 16 katika kiti hicho hatozwi. Kwa hiyo mtu na mkewe na watoto watatu wadogo walitozwa 180, si 450. Ukiwavusha wote watano kwenda Dublin pamoja na mizigo yao, huenda faida yote ikaishia njiani.

Tatu, pesa zilizobaki zinakwenda wapi? Ikiwa hapana budi mzazi atokee Nairobi, basi sehemu ya nafuu irudi kwake. Mpandishe treni ya mchana, alale usiku mmoja apumzike, afuatane na kijana wa nyumbani, na aombewe mapema kiti cha magurudumu viwanjani.

Nasi wazazi tuna letu. Mtoto mwenye mshahara mdogo tusimlazimishe nauli kubwa kwa kuwa tunataka tutokee hapa hapa, tuagwe kwa msafara wa magari na mtaa mzima uone. Hiyo ni riya, na mwana ndiye anayeilipa kwa deni. Mwenye afya akubali kuzunguka, na amwambie mwanawe ukweli wa mwili wake bila ya kuficha. Kuficha maumivu ili kumridhisha mtoto ni kumwingiza katika kosa asilolijua.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azifanye safari zetu ziwe za kuunga udugu, atupe macho ya kuona taabu ambayo wazazi wetu hawaitaji kwa ulimi, na atujaalie tuwakute wangali hai. Amin.

Wallahu aalam.