Vijana wa Amerat, Acheni Boksi la Hewa Mahali Pake

Wanangu, nataka kusema nanyi juu ya lile boksi jeusi la plastiki lililo chini ya boneti, lile mnalolifungua uani kwa bisibisi, mkalitupa stoo, na mahali pake mkafunga filta ya koni iliyo wazi na kipande cha bomba. Kazi hiyo naiona karibu kila mtaa hapa Amerat, Oman, na usiku wa kuamkia Ijumaa naisikia zaidi kuliko kuiona. Mnaniambia gari limepata nguvu. Nasema gari limepata sauti, na siku za joto nguvu yenyewe imepungua.

Sikatai kwamba hewa ni nguvu. Kilo moja ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Mwaka 1995 timu ya Toyota ilinaswa katika mashindano ya rali ya Catalunya kule Hispania. Ndani ya tabo ya Celica mlikuwa na ufundi wa siri uliopitisha hewa pembeni ya kizuizi kilichowekwa na kanuni. Max Mosley, aliyekuwa rais wa FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari, alistaajabia werevu wa ufundi ule, na bado Toyota ilifungiwa miezi 12. Celica ndilo jina lililokuwa midomoni mwa Afrika Mashariki nzima, kwa kuwa mwaka mmoja kabla Mkenya Ian Duncan alishinda Safari Rally kwa gari la jina hilo. Wahandisi wakubwa wa Toyota walihatarisha heshima yao kwa ajili ya hewa tu. Lakini kizuizi chao kilikuwa cha kanuni za mashindano, kimewekwa makusudi ili kuikaba injini. Gari la kwenda chuoni halina kizuizi hicho. Filta yake, ikiwa safi, haiibani injini kiasi cha wewe kuhisi tofauti kwa mguu.

Kabla hujalifungua hilo boksi, lifuate bomba lake kwa kidole. Mdomo wake haukai juu ya injini. Unakwenda mbele, nyuma ya grili, au unajificha ndani ya madigadi, mahali ambapo hewa ya nje inaingia kabla haijaguswa na moto wa injini. Waliolitengeneza waliitafuta hewa baridi, maana hewa ikipata joto hutanuka, na katika lita ile ile inabaki hewa kidogo. Wewe ukiweka koni wazi chini ya boneti, umeiambia injini ivute joto lake yenyewe.

Chukua Agosti, saa nane mchana, unapanda akaba, barabara ya mlimani ya kwenda Bawshar, kiyoyozi kimefunguliwa, mbele yako foleni inatambaa. Nje ni nyuzi 40. Chini ya boneti hewa inafika 70 bila shida. Kwa tofauti hiyo peke yake hewa inayoingia inapungua kwa karibu asilimia 9. Injini ya nguvu za farasi 150 inabaki na 137 hivi, na hapo sijahesabu kwamba kompyuta ya gari, ikiona hewa ya moto, inachelewesha cheche ili injini isigonge. Ukiwa umeweka petroli ya oktani 91 kwenye gari lililoandikiwa 95, hali ni mbaya zaidi. Hatuishi Uingereza, wanangu. Quriyat, jirani zetu hapa, Juni 2018 walipitisha saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, na dunia nzima ikaandika habari hiyo. Filta ya wazi iliyosifiwa na mtu wa nchi ya baridi haijui habari za Amerat.

Sasa vumbi ambalo koni hiyo inaweza kulipitisha, na hapa ndipo moyo wangu unaponiuma zaidi, kwa sababu hasara yake haionekani mpaka imeshakamilika. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika ina nafasi ya kuvuta hadi lita 3,000 za hewa katika dakika hiyo. Sisi tumezungukwa na milima mikavu, viwanja visivyojengwa, na upepo. Fungua klipu ya bomba, baina ya filta na injini, pitisha kitambaa cheupe kwa ndani, kisha sugua kitambaa hicho baina ya vidole viwili. Kikiwa na unga mwekundu unaokwaruza, jua kwamba unga huo umeshapita kwenye silinda zako. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zinakwaruza kuta, ringi za pistoni zinalegea, oili inapanda juu na kuungua, na baada ya miezi moshi wa buluu unatoka nyuma. Hapo kijana anakwenda sanaiya, mtaa wa gereji, kuulizia bei ya oveholi, na fundi analaumiwa bure.

Wengine mnanunua filta ya pamba ya kupakwa mafuta. Mkizidisha mafuta, yanavutwa mpaka kwenye sensa ya hewa na kuifunika. Sensa iliyofunikwa inadanganya: inasema hewa ni kidogo, kompyuta inatoa petroli kidogo, na moto ndani ya silinda unazidi ukali. Hivyo hivyo mkiihamishia sensa kwenye bomba pana kuliko lake, maana hewa inapita mbele yake polepole na hesabu yote inaharibika. Mnaona taa ya injini imewaka, mnaifuta kwa kifaa cha simu, mnaendelea. Pistoni inatobolewa namna hiyo. Na yule aliyetumia bomba la maji la plastiki kutoka duka la vifaa vya ujenzi, ajue kwamba plastiki ile inaanza kulegea kwenye nyuzi 80, na karibu na ekzosi joto hilo linapitwa.

Kuna waliosikia maneno ya joto wakapata akili nyingine: wamelipeleka bomba chini, nyuma ya bampa, shubiri mbili kutoka ardhini. Hewa ni baridi huko, kweli. Lakini ninyi mnakaa bondeni, na njia yetu kongwe ya kutoka inapita korongo la Wadi Adai. Juni 2007, siku za kimbunga Gonu, wadi ile ilibeba magari na kuvunja barabara. Maji hayakubali kukandamizwa kama hewa. Katika injini ya lita 2 yenye silinda nne, ikikandamiza mara kumi, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni mililita 55 hivi, sawa na finjani ya kahawa. Maji yakizidi finjani hiyo, pistoni inayagonga maji kama ukuta, konrodi inapinda, na injini inazimika hapo hapo, gari likiwa katikati ya mkondo unaopanda. Waliokwenda Safari Rally miaka ya 1990 walilijua hili. Magari yao yalifungwa mabomba ya pumzi yaliyopanda kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa, kwa ajili ya maji na vumbi la Kenya. Mabingwa waliitafuta hewa juu, ninyi mnaifuata chini.

Sheria nitaigusa kidogo tu: kubadilisha injini bila idhini ya polisi ni kosa, na bima ina haki ya kuuliza gari lilikuwa na nini siku ya ajali. Baba yako ndiye aliyesaini karatasi za gari hilo.

Najua mnapenda mwendo, na si aibu. Ahmad Al Harthy ni Mwomani kama ninyi, na mwaka 2024 alishiriki mbio za Le Mans katika BMW moja pamoja na Valentino Rossi. Nyuma yake walikuwapo wahandisi waliopima kila kitu kwa vyombo, uwanja uliofungwa, na madaktari waliosubiri. Chama cha Magari cha Oman kina mashindano yake, nendeni huko. Anayetaka gari la kawaida liitikie vizuri, abadilishe filta ya asili mapema kuliko kitabu kinavyosema, maana kitabu hakikuandikwa kwa vumbi letu. Akague mipasuko ya mpira wa bomba la hewa, aweke plagi mpya na petroli inayotakiwa. Atazame breki zake pia, kwa sababu akaba ile ile unayoipanda ndiyo utakayoishuka.

Boksi mlilolitoa bado liko stoo, chini ya maboksi mengine. Lipanguseni, tieni filta mpya, funguni klipu zote, na mlirudishe wiki hii, kabla mvua haijateremka milimani. Aliyelitupa atalipata la mtumba kwenye maduka ya spea, na akikosa pesa, aje kwangu tulitafute pamoja.