Aliyemeza Dawa kwa Hiari Yake, Je, Ana Haki ya Kudai Fidia?

Mwanamke ametumia vidonge vya kuzuia mimba, kisha damu ikamganda mishipani akapatwa na maradhi makubwa. Je, yamfaa kumshitaki mtengenezaji wa dawa na kumdai fidia? Wako wasemao: "Alimeza kwa hiari yake, na anyamaze." Wako na wasemao kwamba msiba ni kudra, na mwenye imani hadai. Kauli zote mbili twaziona zina kasoro.

Hiari ni nini? Mtu akinunua samli iliyochanganywa mafuta mabaya naye hajui, hatusemi kwamba ameyaridhia mafuta hayo. Ridhaa haipatikani ila kwa kujua. Basi la kuuliza si kama alimeza kwa mkono wake, bali kama aliambiwa yale ambayo mwuzaji aliyajua, au yalimpasa kuyajua.

Ama kudra, haimfutii mtu dhamana ya kitendo chake. Aliyeuawa kwa bahati mbaya ajali yake imefika, na diya hulipwa vilevile. Kusubiri msiba na kudai haki ni mambo mawili yasiyopingana.

Tutazame yaliyotokea Marekani. Maelfu ya wanawake walifungua daawa juu ya vidonge vya Yasmin na Yaz, vya kampuni ya Bayer ya Ujerumani, wakidai kwamba hawakuonywa vya kutosha juu ya kuganda damu. Mwaka 2012 idara ya serikali isimamiayo dawa iliamuru karatasi ya maelezo iongezwe onyo: kwamba baadhi ya uchunguzi umeonyesha hatari iwezayo kufika mara 3 ya ile ya vidonge vingine, na uchunguzi mwingine haukuonyesha ziada hiyo. Kampuni ililipa zaidi ya dola bilioni 1 na nusu kwa mapatano, bila ya kukiri kosa.

Hapa yatupasa insafu. Idara hiyo hiyo ilieleza kwamba katika kila wanawake 10,000 wasio na mimba wala wasiotumia vidonge, 1 hadi 5 hugandwa na damu kwa mwaka. Watumiao vidonge ni 3 hadi 9. Na wenye mimba ni 5 hadi 20. Basi dawa hii si sumu, wala si kila ugonjwa umetoka kwenye kidonge. Mdai naye yampasa kusema kweli, asifiche maradhi aliyokuwa nayo kabla. Lakini uchache wa wanaodhurika hauwaondolei haki ya kuonywa. Kwani aliyepatwa hakupatwa na sehemu ya msiba, amepatwa nao wote.

Watu huuliza pia: pesa zitarudisha nini? Hazirudishi afya. Lakini si uadilifu faida iende kwa mmoja na hasara yote ibebwe na mwingine. Tena, sauti ya aliyedhurika huwalinda wajao nyuma. Mwaka 1970, Baraza la Senati la Marekani lilipochunguza vidonge hivi, wanawake walisimama wakapiga kelele kwa kuwa hakuitwa hata mmoja wao kutoa ushahidi. Na mwaka huo huo ikaamriwa kila pakiti iwe na karatasi ya onyo kwa mtumiaji mwenyewe.

Nasi Kenya hatukuachwa bila ya ngao. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 champa mnunuzi haki ya kupewa maelezo yanayohitajika, ya kulindwa afya yake, na ya kulipwa fidia kwa madhara yatokanayo na kasoro ya bidhaa au huduma. Haki hiyo haina nguvu kwa asiyeuliza. Basi mwanamke apewapo vidonge au sindano, na aulize madhara yake, na karatasi ya maelezo aihifadhi. Akivimba mguu mmoja kwa maumivu, au pumzi zikimkata ghafla, na akimbilie kwa daktari siku ile ile. Na mume wake asimwambie, "Umeyataka mwenyewe." Neno hilo ndilo la kwanza linalowafunga wengi kinywa, kabla ya kumfikia hakimu.