Je, Msimu Uliofutwa Ulichezwa?

Mwaka 2006 klabu ya Sony Sugar ya Awendo, katika eneo ambalo leo ni kaunti ya Migori, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Timu ya kampuni ya sukari, kutoka mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya miwa, ilizishinda klabu za miji mikubwa. Miaka 13 baadaye klabu hiyohiyo ilitimuliwa ligini. Msimu wa 2019/20 ulianza mwezi Agosti, mwezi uleule ambao kampuni ya kamari ya SportPesa ilisitisha ufadhili wake wa michezo nchini, na ukata ukaziandama klabu nyingi. Sony ilishindwa kufika uwanjani mara tatu. Kanuni ikafuata mkondo wake: timu ikaondolewa na matokeo ya mechi zake zote yakafutwa. Kwenye msimamo wa ligi zikabaki timu 17, kana kwamba ya 18 haikuwahi kuwapo. Hapo linazuka swali linalopita mipaka ya soka: jambo lililotendwa kwa jasho, kisha mamlaka halali ikalifuta, limebaki na thamani gani? Jibu langu ni kwamba limebaki na thamani yake yote, kwa sababu hakuna mamlaka inayoweza kulifikia.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili. Msimamo wa ligi ni maafikiano: watu wamekubaliana kwamba ushindi ni alama tatu, kwamba msimu una mechi kadhaa, na kwamba mwenye alama nyingi ataitwa bingwa. Ugonjwa wa Korona ulilidhihirisha jambo hilo. Aprili 2020 Uholanzi iliusimamisha msimu bila kumtangaza bingwa, ingawa Ajax ilikuwa kileleni, ikilingana kwa alama na AZ. Siku chache baadaye, tarehe 30 Aprili, shirikisho la Kenya liliitangaza Gor Mahia kuwa bingwa, msimu ukiwa haujakamilika, na wasimamizi wa ligi wakapinga. Janga lilikuwa lilelile, maamuzi yakatofautiana, kwa kuwa ubingwa ni kitu ambacho watu hukiunda kwa kauli zao. Kilichoundwa kwa kauli, kauli yaweza kukitengua. Lakini mbio za beki aliyemfuata mshambuliaji hadi mstari wa mwisho hazikuundwa na kauli ya mtu. Zilitokea. Shirikisho lina mamlaka juu ya alama, wala halina mamlaka juu ya kilichotokea.

Wanafikra wamelichunguza jambo hili kwa karne nyingi. Aristotle alikubaliana na mshairi Agathon kwamba kulifanya lililotendeka lisiwe limetendeka ni jambo lililo nje hata ya uwezo wa Mungu. Karne ya 11 mtawa Petro Damiani aliitetea kwa bidii nguvu ya Mungu juu ya wakati wote, naye Thomas wa Aquino, karne mbili baadaye, akajibu kwamba kulitengua lililopita ni kujipinga, na kujipinga si uwezo bali ni utupu. Kwa watu wa kaunti jirani ya Homa Bay mjadala huu hauko mbali. Wamisionari Waadventista Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na pamoja na Sabato wakafundisha kwamba matendo ya kila mwanadamu yameandikwa katika vitabu vya mbinguni vitakavyotumika hukumuni. Waislamu wa Kendu Bay nao wanaamini kwamba hata tendo lenye uzito wa chembe litaonekana. Imani hizi zinatofautiana kwa mengi, ila zinakutana hapa: kumbukumbu ya wanadamu siyo kipimo cha ukweli wa tendo. Na asiyeamini dini yoyote bado atakiri kwamba sentensi isemayo mechi fulani ilichezwa Awendo itabaki kweli hata baada ya shahidi wa mwisho kufariki.

Mtu atapinga kwamba wakati mwingine kufuta ni haki. Mwaka uleule wa 2006 ambao Sony ilisherehekea, Juventus ya Italia ilipokonywa mataji mawili kwa kashfa ya kuwashawishi waliopanga waamuzi. Je, nayo tuseme imeonewa? La. Pale, kufuta kulisema ukweli: kulitangaza kwamba jina la bingwa halikupatikana kihalali. Hata hivyo, mechi hazikugeuka kuwa hewa. Zilihukumiwa, na hukumu huhitaji kitu kilichotokea. Rekodi inayosema kwamba tendo lilifanyika na halihesabiwi ni rekodi ya kweli. Ile inayonyamaza kana kwamba hapakuwa na tendo inapotosha.

Pingamizi zito zaidi ni la wachezaji wenyewe: nani atatoka jasho kwa ajili ya mechi isiyohesabiwa? Tunacheza ili tushinde. Ni kweli, na asiyetaka kushinda hachezi kikamilifu. Lakini kutafuta ushindi ndani ya mchezo si sawa na sababu ya kuuingia mchezo. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha 1978, alieleza kwamba kucheza ni kujitwika kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima, kwa sababu ya shughuli yenyewe inayowezeshwa na vikwazo hivyo. Ndivyo ilivyo kwa timu za vyuo, kama Chuo Kikuu cha Rongo huko Migori na kile cha Tom Mboya huko Homa Bay. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka michache, kikosi huvunjika kila mahafali, na ni nadra magazeti ya taifa kutaja matokeo. Ikiwa thamani ya msimu hutoka kwenye jedwali linalokumbukwa, basi karibu wanamichezo wote duniani wamepoteza ujana wao. Hitimisho hilo halikubaliki, kwa sababu ujasiri, subira na uaminifu kwa wenzako hukamilika vinapotendwa, bila kungoja cheti.

Mwisho, yupo atakayeogopa kwamba hoja hii inawapa viongozi mwanya: kama hakuna kilichopotea, basi wasilaumiwe. Mantiki inaelekea upande mwingine kabisa. Ikiwa lililotendwa halifutiki, basi halifutiki pia lile lililoachwa bila kutendwa. Siku tatu ambazo Sony haikufika, vijana waliotaka kucheza walikosa saa ambazo hakuna mfadhili atakayezirudisha. Anayesajili timu ametoa ahadi kwa watu, na ahadi iliyovunjwa ni tukio la kudumu kama bao. Ndiyo maana waendeshaji wa ligi wana wajibu mara mbili: kuhakiki uwezo wa klabu kabla ya msimu kuanza, na timu inapoondolewa, kuyahifadhi matokeo yake hadharani yakiwa na alama ya kutohesabiwa. Wana haki ya kukataa kuzihesabu mechi hizo. Kukana kwamba vijana wa Awendo walizicheza si haki yao.