Je, Asiyejua Ana Hatia?

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaimeza bila kuitafuna. Hebu tuitafune leo, vijana wenzangu. Inamsema mtu anayejua kwamba anaumwa, kisha akaficha. Kosa lake liko wazi. Lakini vipi kuhusu yule ambaye maradhi yenyewe ndiyo yamemficha? Yule anayekula akashiba, analala fofofo, Jumapili anasakata kabumbu na wenzake, kumbe sukari katika damu yake inapanda mwaka hadi mwaka kimya kimya? Huyo naye tumhukumu?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya kipindi tulichopitia. Machi 11, 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa korona ni janga la dunia, na siku tano baadaye mgonjwa wa kwanza wa Tanzania akatangazwa, Arusha. Watu wakaiogopa hospitali kuliko makaburi. Mei mwaka huo huo shirika hilo liliuliza nchi 155 kuhusu huduma zao: karibu nusu zilisema matibabu ya kisukari yamevurugika, kwa kiasi au kabisa, na ya presha zaidi ya nusu. Mei 5, 2023 hali ya dharura ikatangazwa kwisha. Barakoa tukazitupa, ndoo za kunawia zikarudi kufulia nguo. Basi tukadhani yamekwisha. Lakini sukari na presha hazikuwa likizo miaka yote hiyo. Ziliendelea na kazi zao.

Na korona yenyewe ilitufundisha jambo kwa ukali. Mwenye kisukari alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa. Wapo waliojua kwamba wana kisukari siku ile ile walipolazwa kwa korona. Habari mbili kwa mkupuo mmoja!

Kabla ya kisukari chenyewe ipo hatua ya kati. Ukipimwa asubuhi kabla ya kula, sukari ikisoma 7.0 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikasema hivyo hivyo, una kisukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, Shirika la Afya Duniani linasema umo njiani. Wamarekani wao huanzia 5.6. Unaona? Hata mpaka wenyewe umechorwa na binadamu. Ila njia hiyo unaweza kuirudi. Utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa watu wa hatua hii waliopunguza uzito kidogo na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Hawakwenda kwa mganga wala hawakuuza kiwanja. Ni miguu yao tu.

Sasa nenda kijiweni ukayaseme haya. Utajibiwa: "Achana na mambo hayo, bwana! Mimi nikijua tu, ndiyo naanza kuumwa." Wengi hucheka, mimi nadhani jibu hilo lina historia yake. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, mpaka mpango wa taifa wa kutoa dawa bure ulipoanza mwaka 2004, kwa watu wengi kupima kulikuwa kusomewa hukumu isiyo na rufaa. Wazazi wetu walijifunza kwamba kujua ni kufa mara mbili. Nani awalaumu? Lakini somo la msiba mmoja haliwi sheria ya misiba yote. Pale ambapo kujua hakukuletea tiba, kutojua kulikuwa namna ya kujihurumia. Hapa ambapo kujua mapema kunaweza kukurudisha nyuma ukiwa mzima, kutotaka kujua kunaitwaje?

Hata hivyo, tusikimbilie kunyoosha vidole. Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba barani Afrika zaidi ya nusu ya wenye kisukari hawajijui. Mmoja asipojua, tunaweza kusema ni mzembe. Zaidi ya nusu wasipojua, uzembe ni wa nani? Mama ntilie anayewasha jiko alfajiri na kulifunga usiku aende kupima saa ngapi, na kwa senti zipi? Siku za korona tuliona kwa macho yetu kwamba kipimo kinaweza kumfuata mtu: mlango wa benki, mlango wa ofisi, umeelekezewa kipima joto usoni kabla hujasema shikamoo. Kumbe inawezekana jamii ikitaka.

Kwa hiyo mimi nagawanya hivi. Asiyejua kwa sababu hakufikiwa hana hatia. Anadai, na sisi ndio wadaiwa. Lakini anayepita mbele ya meza ya kupimia bure akageuza uso, huyo ana deni. Atasema mwili ni wake. Ni kweli, ni wake, mpaka siku ile atakapoanguka. Mguu ukikatwa, atakayembeba ni kaka yake. Figo zikifa, mchango utapitishwa kwa ndugu, na pengine binti yake ataacha shule amuuguze. Ukikataa kujua leo, umewaachia wengine mzigo bila kuwauliza.

Nasi tunaojifunza kuandika tuna sehemu yetu. Katika hadithi zetu ugonjwa lazima ukohoe damu au umwangushe mtu sokoni. Ugonjwa usio na kelele hatuuandiki, kwa sababu hauna kisa. Basi wasomaji wetu nao wanausubiri ubishe hodi. Hautabisha.

Nadhani hata salamu zetu zina kasoro. Tunaulizana, "Hujambo?" tunajibiana, "Sijambo," na kila mmoja anasema kweli kadiri anavyojua. Utakapomtembelea baba au shangazi, msalimie kwa heshima zote, kisha ongeza swali moja: "Mara ya mwisho ulipima lini?" Naye akikurudishia swali hilo hilo, uwe na jibu.